Pansio inakufuata mpaka Lubumbashi, asiransi ya afya inabaki kule: namna ya kujipanga mbele ya kurudi nyumbani

Papa yangu alifanya kazi Bulaya miaka 31, akapata pansio, akauza vitu vyake, akarudi Lushi na masanduku saba. Alijenga kule Kampemba, akapanda miembe, na kila mwezi pansio ilikuwa inaingia kwa konti bila shida yoyote. Mwaka wa pili, usiku, tansio ikapanda, mkono wa kuume ukalegea, tukamkimbiza hopitali na gari ya jirani. Pale mapokezi wakatuomba kwanza kosyo, ile feza unayoweka mbele ya kutunzwa, munganga hajamgusa bado. Papa, na mdomo tayari umeanza kupinda, akaingiza mkono wa kushoto mfukoni akatoa karti ya mitweli yake, ile kasha ya asiransi ya afya ya Bulaya, akaiweka juu ya meza. Dada wa mapokezi akaigeuza mara mbili akasema polepole "Papa, hii huku haitumike." Kesho yake tukapiga simu kule Bulaya na jibu likawa lile lile: tangu siku alipojifuta kwenye komini, ofisi inayoandika wakaaji wa kule, haki yake ya matunzo ilisimama.

Tulilipa sisi watoto wane, kila mtu na kile alichokuwa nacho, mdogo wangu aliuza pikipiki yake ya kazi. Papa yuko, anatembea na fimbo. Lakini usiku ule njo ulinifanya nianze kufuatilia mambo haya, na leo watu wa mtaa na wa kanisa wananiletea karatasi za wazazi wao nisome nao. Naandika hapa kila kitu nachowaambia, juu wengi wanarudi na wanafikiri kama pansio inakuja basi na matunzo inakuja. Haiko vile. Pansio ni jasho ya zamani, wanakutumia popote ulipo. Asiransi ya afya ya serikali za kule inafuata mahali unapolala.

Bapapa wa Gécamines, ile kampuni ya mine ya serikali, wanaelewa hii haraka kuliko watu wengine. Mwaka 2003 watu 10 655 walitoka kwa mpango wa departi volonteri, kuacha kazi kwa hiari, na ukitoka kazi, hopitali ya kampuni nayo ulikuwa unaiacha. Ya Bulaya inafanana, tofauti ni kwamba kwa ile ya Bulaya hakuna mtu anakuja kukuambia, unagundua mwenyewe siku ya ugonjwa.

Hatua ya 1: ujue ni nchi gani inakulipa, na haki gani inakufa ukihama

Usiulize "asiransi yangu iko?" Uliza hivi: "nikihamisha adresi yangu kwenda Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, matunzo nitakayopata kule Lubumbashi mutalipa nini, na nikirudi huku kwa wiki tatu mutalipa nini?" Ni maswali mawili tofauti na majibu yake ni tofauti. Uliza kwa maandishi, na uweke jibu.

Ubelgiji. Pansio inalipwa na Service fédéral des Pensions, na matunzo yanapitia mitweli. Ukihamia nchi ingine ya Umoja wa Ulaya ama Uswisi kuna formu inaitwa S1, inakufanya utunzwe kule kama mwenyeji na Ubelgiji inalipa nyuma. Kwa Kongo hiyo S1 haipo. Na ile karti ya bluu ya Ulaya ambayo watu wanatembea nayo ni ya safari ndani ya Ulaya tu, kwenye hopitali ya Lubumbashi ni plastiki. Sasa sikilizeni vizuri juu hapa njo watu wanaumia sana: wazee wengine hawana pansio kamili, wanapata GRAPA, ile feza serikali ya Ubelgiji inaongezea mzee mwenye mapato kidogo. GRAPA si pansio. Inaruhusu kukaa inje ya Ubelgiji siku 29 tu kwa mwaka, na wanakontrola. Mama mmoja alitaka kurudi kabisa kwa sababu "pansio yangu inatosha kule Lushi", tukafungua karatasi, tukaona zaidi ya nusu ni GRAPA. Angehama angepoteza matunzo na nusu ya makuta mwezi mmoja. Soma kila mstari wa ile barua ya pansio, usihesabu tu jumla ya chini.

Iko pia kundi moja dogo ambalo wanasahau kuuliza: wale waliolipiaga ile sosyali ya Ubelgiji ya ng'ambo, ya sheria ya 17 julai 1963, juu walifanya kazi huku Afrika kwa kampuni ama misaada. Leo inasimamiwa na ONSS, ofisi ya sosyali ya Ubelgiji. Kwa wale waliolipa miaka ya kutosha kuna haki ya matunzo inayokuja baadaye, uzeeni. Kama papa yako alikuwa na karatasi za OSSOM, ofisi iliyoisimamia zamani, kwenye sanduku, musitupe, andikeni barua muulize.

Ufaransa. Haki ya matunzo kule inasimama juu ya kuishi kule, na kwa desturi ni miezi sita kwa mwaka. Ukihama inje ya Ulaya, pansio inaendelea, na kwenye pansio ya msingi wanakata 3,2 % ya ugonjwa. Watu wanaona wanakatwa wanafikiri basi wamefunikwa Lubumbashi. Hapana. Ile inakusaidia ukirudi Ufaransa kwa muda mfupi, na hapo pia kuna shariti: kwa pansio zilizoanza toka 2019, lazima uwe umelipa miaka 15 kwenye regime ya Ufaransa. Dosie za wastaafu wa inje zinafuatwa na kituo kimoja, Centre national des retraités de France à l'étranger. Na mutego mwingine: kwenye lista ya nchi zenye mapatano ya sosyali na Ufaransa kuna neno "Congo". Hiyo ni Brazzaville. Nimeona watu wanashangilia bure.

Kama mzee ana pasporo ya Ufaransa, kuna Caisse des Français de l'étranger, watu wanaiita CFE, inakubali wastaafu wanaoishi inje, na uzuri wake ni kwamba haikufukuzi juu ya ugonjwa uliokuwa nao. Inarudisha sehemu tu ya gharama, kwa hiyo wengi wanaongezea asiransi ya pembeni juu yake, lakini kwa mzee mwenye sukari ama figo mimi njo ningeanzia hapo mbele ya kuangalia ingine yote.

Kanada. Inategemea provinsi. Quebec wanahesabu siku: ukikosa kuwa kule siku 183 ama zaidi ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, RAMQ, asiransi ya afya ya Quebec, inasimama, isipokuwa safari za siku 21 ama chini hazihesabiwi, na mara moja kila miaka 7 unaweza kupita ile hesabu kama umewajulisha. Ontario wanataka uwe kule siku 153 kwa miezi 12. Kwa hiyo mtu wa Montreal anaweza kukaa Lushi miezi mitano ya baridi na abaki na haki yake kule, na wengi wanafanya hivyo. Lakini kubaki na haki kule si kusema watalipa huku, wanachorudisha kwa hopitali ya inje ni kidogo sana.

Marekani. Medicare, asiransi ya afya ya serikali kwa wazee wa kule, hailipi inje ya Marekani, ukiweka pembeni visa vichache sana vya mpakani. Watu wa Marekani wana swali ngumu kuliko wote: Part B, ile sehemu ya Medicare ya kulipa waganga, unaendelea kuilipa kila mwezi na huku haikutumikii? Ukiisimamisha na kesho ukarudi, wanakuongezea 10 % kwa kila mwaka mzima uliokosa, na ile nyongeza inabaki maisha yote. Mawazo yangu: kama una watoto na nyumba kule na unajua ugonjwa mkubwa utakurudisha, lipa. Kama umekuja kuzikwa Lushi, fanya hesabu na watoto kwanza. Zingine za Medigap, asiransi za binafsi za kuongezea Medicare, zinalipa 80 % ya ajali na ugonjwa wa haraka inje, baada ya wewe kulipa dola 250, lakini ni ndani ya siku 60 za kwanza za safari na mwisho ni dola 50 000 kwa maisha yote. Hiyo ni ya mutembezi, si ya mtu aliyehama.

Uingereza ni fupi: NHS, matunzo ya serikali ya kule, ni ya mtu anayeishi kule. Ukihama, imekwisha.

Hatua ya 2: usikate kamba ya zamani mbele ya kufunga mupya

Hapa njo kosa letu sisi. Papa alienda komini akajifuta, kisha njo tukaanza kufikiri. Fanya kinyume, na uanze miezi sita ama nane mbele ya tiketi.

Wakati bado uko na haki kule, itumie yote. Meno, macho, moyo, sukari, prostati kwa bapapa, maziwa na kizazi kwa bamama. Omba munganga wako akuandikie rezime ya dosie nzima, ukurasa moja ama mbili, na lista ya dawa kwa jina la dawa yenyewe si jina la boksi, juu boksi la kule huku hutalipata lakini molekile unaweza kuipata kwa famasia ya hapa. Omba na matokeo ya damu ya mwisho na picha za IRM kama zipo. Zile karatasi utazihitaji mara mbili: kwa munganga wa Lushi, na kwa kampuni ya asiransi ambayo itakuuliza maswali ya afya.

Kwenye yale maswali ya afya, usidanganye. Najua kuna mtu atakuambia "andika hapana popote". Siku utalazwa kwa moyo wataomba dosie yako ya zamani kule, wataona ulikuwa unakunywa dawa ya tansio tangu 2011, wanafuta kontra na hawalipi hata franga. Afadhali waseme tansio hatulipi lakini malaria, ajali, kansa mupya tunalipa, unajua umesimama wapi.

Na kitu kingine kinafanyika sana: kuacha adresi kwa mpwa kule Bulaya ili karti ibaki muzima. Sitawaambia mufanye. Wakigundua wanadai zile feza zote walizolipa nyuma, na mpwa naye anaingia kwenye matatizo, na ugonjwa wako wa Lushi bado hawataulipa juu risiti ni ya Lushi. Kama unataka miguu miwili, kaa kweli ile miezi inayotakiwa kule. Kuna wazee wanafanya vile, miezi saba kule na mitano huku, tena mashariti ya kila nchi hayalingane, na wanabeba asiransi ya safari kwa ile mitano. Kwa mtu wa dialize ama mwenye kansa bado inatunzwa, mimi sioni njia ingine, asihame kwanza.

Umri pia. Kampuni nyingi za binafsi zina umri wa mwisho wa kuingia, mahali pengine 65, pengine 70 ama 75. Papa alikuwa na 67 akirudi. Mtu anayefikiria kurudi akiwa na 63, aandike sasa, asingoje nyumba ikwishe kujengwa.

Hatua ya 3: uchague njia, ama uchanganye mbili

Njia ya kwanza ni asiransi ya kimataifa ya watu wanaoishi inje. Majina yanayojulikana ni kama Cigna, Allianz, April. Unachagua zone: bila Marekani bei inashuka sana, na mtu wa Lushi haihitaji Marekani. Angalia zone iwe na Afrika Kusini na India ndani, juu huko njo wagonjwa wetu wengi wanapelekwa. Unaweza kuchukua kontra ya kulazwa tu, bila konsultasio za kila siku. Kwa wazee wengi mimi nashauri hiyo: malaria ya kawaida, laboratware, dawa za mwezi, unalipa mfukoni, na asiransi unaibakisha kwa mambo yale yanayouzisha nyumba. Bei inapanda kila mwaka wa kuzaliwa, kwa hiyo uliza leo bei ya mtu wa 75 na ya 80 kwa kontra ile ile, usione tu bei ya mwaka wa kwanza.

Njia ya pili ni asiransi ya hapa Kongo. Zamani kulikuwa SONAS, kampuni ya serikali, peke yake, sheria ya 17 marsi 2015 ikafungua soko, na tangu 2019 kampuni zingine zikapata ruhusa: Rawsur, Activa, SFA, Mayfair na zingine. Anayezichunga anaitwa ARCA. Mbele ya kutoa dola moja uhakikishe kampuni iko na ruhusa ya ARCA, na broka pia, juu mjini hapa hakukosi mtu mwenye karti nzuri na biro ya wiki mbili. Shida ya asiransi za hapa kwa mzee ni kwamba nyingi zinafanywa kwa grupu za wafanyakazi. Mzee akienda peke yake na miaka 70 bei inakuwa ya kuogopesha ama wanasema hapana. Kwa hiyo jaribuni haya. Kwanza mtoto anayefanya kazi kwa kampuni ya mine aulize kama kontra ya kazi inaweza kuongeza wazazi kwa malipo yake, mara nyingi ni bibi ama bwana na watoto tu, lakini kuna kampuni zinakubali ukilipa wewe mwenyewe. Pili, wastaafu wenyewe mujikusanye. Watu kumi na tano wa asosyasio moja, wa kanisa moja, wakienda pamoja kuomba kontra ya grupu wanasikilizwa tofauti na mzee mmoja na karatasi yake mkononi.

Msitegemee CNSS, ofisi ya sosyali ya Kongo, kwa hili. CNSS inalipa pansio, posho za familia, na ajali ama magonjwa ya kazi. Ugonjwa wa kawaida haimo. Na ule mpango wa serikali wa matunzo kwa wote ulianza 2023 na kujifungua bure, ni jambo nzuri kwa dada zetu, lakini mgongo na moyo ya mzee bado haijafikia.

Njia ya tatu ni kikapu cha familia. Watu wa Bulaya wanaidharau lakini sisi tunajua likelemba, ule mchango wa pamoja. Sisi watoto wane sasa tunaweka kila mmoja dola 40 kwa mwezi kwenye konti moja ya benki, watu wawili njo wanasaini, na haiguswi kwa harusi wala kwa kilio, ni ugonjwa wa wazazi tu. Kwa mwaka ni dola 1 920. Haitalipa operesheni ya moyo Johannesburg, lakini inalipa kosyo usiku, na kosyo njo inafungua mlango. Hata mtu mwenye asiransi nzuri sana anahitaji hii, nitaeleza hapa chini.

Na Zambia? Wananiuliza sana juu Kasumbalesa ni karibu kilometa 90 tu. Kule wana asiransi ya taifa, NHIMA, ya sheria ya 2018, na mwenye miaka 65 na zaidi halipi. Lakini ni kwa raia na kwa mgeni aliyekubaliwa kuishi kule rasmi. Kuvuka asubuhi na kurudi jioni hakukupe haki. Unaweza kwenda kutunzwa Ndola ama Lusaka kwa kulipa, na wengi wanaenda, basi kontra yako iseme wazi kama Zambia imo.

Hatua ya 4: usome kontra na kalamu mkononi

Chukua muda hapa. Mimi nakaa na mzee saa mbili nzima, na ndani ya kontra tunatafuta maneno yafuatayo.

Franshizi ni ile feza unayolipa wewe kwanza mbele yao kuanza. Tike moderateri ni sehemu yako kwenye kile kinachobaki. Tufanye hesabu: hopitali inaandika dola 4 000, franshizi ni 500, sehemu yako ni 20 %. Unatoa 500, kunabaki 3 500, 20 % yake ni 700, basi wewe unalipa 1 200 na wao 2 800. Kama huna 1 200 mahali pamoja, ile kontra haikufae hata kama bei yake ya mwezi ni tamu.

Plafoni ni mwisho wa kile watalipa, na angalia plafoni ndogo zilizofichwa ndani: unaona milioni moja kwa herufi kubwa, kisha ukurasa wa 14 wanasema skaneri mwisho 600, chumba mwisho 80 kwa usiku.

Muda wa kungoja: kontra inaanza leo lakini operesheni zingine zinalipwa baada ya miezi kumi ama kumi na miwili. Njo maana nilisema usikate ya zamani haraka.

Nani analipa hopitali? Kuna kontra wanalipa hopitali moja kwa moja, kuna zingine unalipa wewe kisha wanakurudishia. Huku kwetu tofauti hii ni kubwa sana. Uliza kwa jina, hopitali gani za Lubumbashi ziko kwenye lista yao: Sendwe? Kliniki za univerziti? Hopitali ya SNCC? Zile poliklinike za binafsi za mjini? Kisha usiwaamini tu, enda mwenyewe kwenye biro ya malipo ya ile hopitali uulize kama wanaijua hiyo asiransi na kama wanalipwaga vizuri. Jibu la yule mama wa biro ya malipo ni la maana kuliko broshure yote.

Evakiwasyo na rapatriyema. Watu wanachanganya. Evakiwasyo ni kukupeleka mahali ambapo wanaweza kukutunza. Rapatriyema ni kukurudisha kwenu, hai ama maiti, na ukiwa umeandika Lubumbashi kama kwenu basi kwenu ni hapa, hawatakupeleka Bruxelles. Ndege ya wagonjwa toka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, inafika makumi ya maelfu ya dola, hakuna likelemba inaweza. Na anayeamua si familia, ni munganga wa asiransi, na lazima mupige simu yao mbele ya kufanya chochote. Familia ikikodi ndege yenyewe kwa presha, mara nyingi hawalipi.

Mwisho utafute neno vita ama maeneo ya hatari. Kontra nyingi hazilipi kitu kilichotokea mahali ambapo serikali fulani imesema watu wasiende. Kongo ni kubwa, Lubumbashi na Goma si kitu kimoja, lakini kontra inaweza kuandika tu jina la nchi. Ombeni maelezo kwa email.

Hatua ya 5: karatasi za kuishi na karatasi ya uzima

Wengi waliochukua uraia wa Ubelgiji ama Ufaransa wanasahau kwamba kwa sheria ya Kongo ya 2004 uraia wetu ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Kwa hiyo papa aliyezaliwa Katuba akirudi na pasporo ya Ubelgiji, mbele ya sheria ni mgeni, anahitaji viza ya kukaa. Na kampuni ya asiransi inaweza kuuliza kama unaishi hapa kisheria. Tengeneza hiyo mapema. Kwa upande mwingine, aliyebaki na pasporo ya Kongo anahitaji viza kwenda Afrika Kusini, na viza haitolewi usiku wa ugonjwa. Pasporo iwe muzima kila wakati, na karti ya homa ya manjano iwe ndani yake.

Sasa ile karatasi ya uzima. Kila mwaka ofisi ya pansio inatuma formu ya kuonyesha kama uko hai, unaisainisha kwa mamlaka na kuirudisha. Angalia mnyororo: mzee analazwa miezi miwili, barua inakuja, hakuna anayeifungua, pansio inasimama, benki haina kitu, malipo ya asiransi yanakosa, asiransi inakatwa, na mzee bado yuko kitandani. Imetokea kwa familia ninayoijua. Mtoto mmoja, mwenye jina, awe njo anafungua barua na email za mzee. Si "watoto", mtoto mmoja. Na malipo ya asiransi yatoke kwa konti yenye akiba ya miezi mitatu mbele.

Na wazazi wanaoenda kuishi kwa watoto inje?

Hii ni upande wa pili na nitapita haraka. Mama yako amestaafu ualimu hapa, unamchukua Bulaya. Kwa viza ya Schengen wanataka asiransi ya safari ya angalau euro 30 000, lakini ile inalipa ugonjwa wa ghafula, sukari yake ya miaka kumi haimo. Kanada, kwa super visa, ile viza ya muda mrefu ya wazazi, asiransi iwe ya angalau dola 100 000 za Kanada na ya mwaka mzima. Marekani, mzee wa 65 mwenye grini kadi ambaye hakufanya kazi kule anangoja miaka 5 ya kuishi kule bila kukatika mbele ya kuweza kununua Medicare, na ile miaka mitano ni ndefu, watoto mujue mutakuwa munalipa asiransi ya binafsi. Abebe dawa za miezi mitatu na ordonansi yake.

Hatua ya mwisho, ya nyumbani

Baada ya kusaini, mulale usiku mmoja mukiwa mumejaribu. Pigeni ile namba ya asiransi saa nne ya usiku muone kama inaitika, kwa lugha gani, na kama simu ya Kongo inaweza kuifikia, juu namba zingine za bure za Ulaya hazipitie huku. Muulize kama wana WhatsApp.

Kwetu karatasi ya papa iko nyuma ya mlango wa chumba chake, ndani ya plastiki. Namba ya kontra, namba ya kupiga, grupu ya damu, dawa anazokunywa na saa zake, hopitali ya kwanza na ya pili, namba zetu wane kwa mpangilio, na chini kabisa mahali bahasha ya kosyo ilipo. Mtoto wa dada yangu ana miaka 13, yeye njo analala chumba cha karibu, na tumemfundisha kuisoma kwa sauti kwa simu.